Filamu ya Last Holiday inaishaje? Basi letu lilifika Nzuguni kabla ya mwisho

Msafiri wa Gairo (mleta mada)

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada katika jambo ambalo limenikaa kichwani tangu niliporudi Dodoma.

Nilikuwa natoka Dar es Salaam kwa basi, na tulipomaliza kula pale Gairo kondakta akaweka filamu ya Kimarekani iitwayo Last Holiday, ile ya mwaka 2006 ambayo mhusika wake mkuu ameigizwa na Queen Latifah. Nakala yenyewe ilikuwa imewekewa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, na mtafsiri huyo alikuwa mchangamfu kupita kiasi: wahusika wakinong'ona, yeye anapiga kelele. Yapo maneno niliyoyapata nusunusu, lakini mtiririko wa hadithi niliushika vizuri.

Kwa wasioifahamu, ni kichekesho kuhusu Georgia Byrd, mwanamke mpole wa New Orleans anayeuza vyombo vya jikoni katika duka kubwa. Siku moja anajigonga kichwa kazini, anapigwa picha za mashine, na daktari anamwambia kwamba ana ugonjwa wa nadra wa ubongo uitwao Lampington na kwamba amebakiza wiki chache tu za kuishi. Bima yake inakataa kulipia upasuaji. Basi anaacha kazi, anachukua akiba yake yote na kwenda kukaa kifahari katika hoteli ya Grandhotel Pupp, mjini Karlovy Vary katika Jamhuri ya Cheki, ambako anakula anachotaka, anaruka kutoka juu ya bwawa akiwa amefungwa vifaa vya kurukia, na kuwaambia wakubwa mambo ambayo hakuna aliyewahi kuthubutu kuwaambia. Abiria walicheka sana, hasa alipokutana hotelini na seneta wa jimbo lake aliyekuwa amekwepa kukutana na wananchi wa mtaani kwake. Sisi wa Dodoma, tunaowaona waheshimiwa kila mkutano wa Bunge unapoanza, hatukuhitaji mtafsiri pale.

Sasa, tulipopita Ihumwa, yule tajiri Kragen, mwenye duka alilokuwa akifanyia kazi Georgia, alikuwa amesimama nje ya dirisha, kwenye ukingo wa ghorofa, akitaka kujirusha, na Georgia akawa anatoka dirishani kumfuata. Papo hapo basi likaingia stendi ya Nanenane pale Nzuguni, taa zikawashwa, skrini ikazimwa, na watu wakaanza kugombania mizigo. Mama mmoja niliyekaa naye, aliyekuwa anaendelea na safari kwenda Bahi, aliniambia tukiwa tumesimama mlangoni: "Mwanangu, huyo hafi. Ningekuwa mimi mtunzi, nisingemuua mtu anayekula kwa raha namna ile." Mimi nilibisha, kwa sababu niliona kwamba akipona, yote tuliyoyatazama tangu Gairo yatakuwa yamepoteza uzito.

Naomba mwenye kujua anieleze inaishaje. Kama Georgia anapona, je, ni kwa muujiza, kwa upasuaji au kwa njia nyingine? Na ninyi mnauonaje mwisho huo: ni wa haki au ni wa kuturidhisha tu?

Binti Mpwapwa

Ndugu mleta mada, pole na safari. Ambaye hajaiona filamu hii na angependa kuiona bila kujua mwisho, aruke mchango wangu.

Mama wa Bahi alikuwa sahihi, Georgia hafi. Hakuna muujiza wala upasuaji. Ugonjwa wenyewe haukuwepo. Wakati yeye yuko Ulaya, daktari aliyempima kule New Orleans anagundua kwamba mashine iliyotumika ilikuwa mbovu, na anatuma ujumbe wa faksi hotelini. Ujumbe huo unapokewa na Bibi Gunther, yule mhudumu mwenye sura kavu ambaye mwanzoni alikuwa akimpekua Georgia kwa maagizo ya Kragen, lakini baadaye akageuka kuwa rafiki yake wa kweli. Kwa hiyo habari ya uzima inaletwa na mtu yuleyule aliyekuwa ametumwa kumchunguza, jambo ambalo nililipenda sana.

Hapo katikati kuna mambo ambayo huenda kelele za mtafsiri wako zilikuficha. Sean, kijana wa dukani ambaye Georgia alimpenda kimyakimya na ambaye ameigizwa na LL Cool J, anapata habari za ugonjwa na kusafiri kumfuata. Theluji inaporomoka na kuziba barabara, hivyo anaacha gari na kutembea kwa miguu hadi hotelini. Anafika wakati Georgia yuko kule ukingoni na Kragen. Kragen anarudi ndani salama, faksi inasomwa, na baada ya hapo filamu inaturudisha New Orleans: Georgia na Sean wameoana na wamefungua mgahawa wao, na miongoni mwa wanaokuja kuwatembelea yumo mpishi Didier wa ile hoteli, ambaye ni Gérard Depardieu, pamoja na Emeril Lagasse, mpishi maarufu wa televisheni ambaye Georgia alikuwa akijifunza kwake kwa kutazama. Kile kitabu alichokuwa akibandika picha za mambo aliyotamani kinapata jina jipya, kwa kuwa sasa kina picha za mambo yaliyotimia.

Kuhusu swali lako la pili, nina maoni ambayo nayashikilia. Mimi naona kwamba filamu ilikwisha kabla ya faksi kufika. Kumbuka chakula cha jioni cha kuamkia mwaka mpya, ambapo Kragen, akiwa na chuki baada ya kuona kila mtu anamheshimu mgeni huyu kuliko yeye, anasimama mbele ya wageni wote na kutangaza kwamba Georgia ni muuzaji tu katika mojawapo ya maduka yake. Hapo Georgia alikuwa na nafasi ya kukanusha, ya kukimbia, au ya kumtukana. Hakufanya hata moja. Anakiri kwamba ni kweli, na anaeleza ni kwa nini alikuja pale: kwa sababu anakufa. Anasema hayo akiamini kabisa kwamba anakufa. Kisha, usiku huohuo, aliyemdhalilisha anapopanda ukingoni, ni yeye anayemfuata. Mtu mwenye wiki chache za kuishi anahatarisha hizo wiki zenyewe kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kumtendea wema wowote. Faksi inapokuja haimbadilishi tabia. Inampa tu muda.

Tazama pia ilivyoanza. Georgia alikuwa akipika vyakula vya kifahari nyumbani kwake, anavipiga picha, halafu anampa mtoto wa jirani avile, na yeye anajikalia na chakula cha kupunguza uzito kilichonunuliwa dukani kikiwa kwenye boksi. Ninawajua akina dada wa namna hiyo hapa hapa kwetu: sahani nzuri zimo kabatini zinasubiri mgeni, na wenyewe wanakula kwenye sufuria. Mgahawa wa mwishoni unajibu sahani ile ya mwanzoni, wala hauna uhusiano na ubongo wake.

Zabibu Chungu

Dada Binti Mpwapwa umeeleza vizuri, lakini mimi siafiki. Mtunzi amemla ng'ombe mzima, akashindwa mkia. Alituahidi hadithi ya mtu anayekabiliana na kifo, akatuchekesha kwa ahadi hiyo kwa saa moja na nusu, na ulipofika wakati wa kulipa akasema mashine ilikuwa mbovu. Wapo watu katika mji huu ambao mashine zao hazikuwa mbovu. Mwenye mgonjwa nyumbani anapoitazama filamu hii hadi mwisho anaachwa peke yake, kwa kuwa mwenzake aliyekuwa akienda naye njia moja amechepuka ghafla na kufungua mgahawa.

Mwalimu wa Kongwa

Nawashukuru wote wawili, maana mmefungua mlango wa jambo ambalo nilitaka kulisema. Mabishano yenu yalikwisha kuwekwa kwenye filamu zenyewe, kwa sababu hii ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Wayne Wang, imetokana na filamu ya Kiingereza ya mwaka 1950 yenye jina hilohilo, ambayo hadithi yake iliandikwa na J. B. Priestley na kuongozwa na Henry Cass. Katika ile ya kwanza mhusika ni mwanamume, George Bird, muuzaji wa zana za kilimo asiye na ndugu wala jamaa, aliyeigizwa na Alec Guinness. Naye anaambiwa kwamba ana ugonjwa wa Lampington, anatoa akiba yake, ananunua nguo nzuri na kwenda kukaa katika hoteli ya watu wenye uwezo iliyo karibu na bahari.

Yanayomtokea kule yanafanana na ya Georgia katika jambo moja kubwa: kwa kuwa hana cha kupoteza, anasema kweli, na kwa kuwa anasema kweli, watu wanamtafuta. Wanamletea kazi, wanamwomba ushauri, na mapenzi nayo yanamjia. Milango yote iliyokuwa imefungwa maishani mwake inafunguka katika siku ambazo anaamini hazimfai tena. Ninapoifundisha fasihi kwa vijana wa kidato cha tano huwa nawaambia kwamba kejeli si matusi, na mfano wenyewe ni huu.

Halafu anafika hotelini Sir Trevor Lampington, yule tabibu ambaye ugonjwa umeitwa kwa jina lake. Anamtazama Bird na kumwambia kwamba hawezi kuwa na ugonjwa huo, kwa sababu angekuwa nao zingeonekana dalili ambazo yeye hana. Bird anakwenda kuhakikisha na anakuta ni kweli, vipimo vilikosewa. Anaanza safari ya kurudi hotelini kwa furaha, ambako wenzake wanamngoja kwa chakula cha kumpongeza. Njiani gari linapata ajali, na anakufa.

Nadhani ndugu Zabibu Chungu angefurahia mwisho huo, kama neno kufurahia linafaa hapo. Mimi nimeziona zote mbili na nimebadilisha upendeleo wangu kadiri umri unavyosogea. Nilipokuwa kijana niliiona ya 1950 kuwa ndiyo ya watu wazima, na ya 2006 kuwa ya kupumbaza watoto. Leo naona kwamba kifo cha Bird nacho ni hila ya mtunzi, tena labda kubwa zaidi. Ajali ile haikusababishwa na chochote alichokifanya. Mtunzi aliihitaji ili atuonyeshe kwamba kifo hakisomi ratiba za madaktari, akaitafutia barabara. Mashine mbovu na ajali ya gari ni vitu vya aina moja, vyote vinatoka nje ya hadithi. Tofauti ni kwamba kimoja kinatuacha na huzuni, na sisi tuna mazoea ya kuipa huzuni alama nyingi kuliko furaha tunaposahihisha.

Kwa hoja ya dada Binti Mpwapwa kuhusu chakula cha mwaka mpya, nakubaliana naye, na ningeongeza kwamba filamu ya 1950 haina tukio lenye nguvu kama lile. Bird hadhalilishwi hadharani kama Georgia na kulazimika kuchagua atakuwa nani. Hapo mwanafunzi amempita mwalimu.

Mpiga Picha za Mionzi

Wadau, mimi kazi yangu ni kupiga picha za uchunguzi hospitalini hapa mkoani, na nimeombwa na mke wangu, ambaye ndiye aliyenionyesha mada hii, nieleze kama jambo la mashine mbovu linawezekana. Nitalijibu kwa sababu linagusa uzito wa mwisho wa filamu.

Kwanza, ugonjwa wa Lampington haupo katika vitabu vya tiba. Ni wa kubuni. Pili, mashine ya CT iliyotumika kwa Georgia ni chombo cha kweli chenye historia ndefu. Inapiga miale ya eksirei kuzunguka mwili, kisha kompyuta inaunganisha vipimo hivyo na kutengeneza picha za vipande vyembamba, kama vile mkate uliokatwa silesi. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha kwa namna hiyo alipigwa London mwaka 1971, na ilikuwa picha ya kichwa, ya mwanamke aliyekuwa akishukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Godfrey Hounsfield, mhandisi aliyeibuni mashine, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack. Kwa hiyo watunzi wa 2006 wamekichagua kipimo kinachofaa kabisa kwa hadithi yao.

Je, mashine inaweza kudanganya? Inaweza kuonyesha vitu visivyokuwepo. Kipokezi kimoja cha miale kikiharibika, picha inaweza kuwa na duara ambazo hazimo kichwani mwa mgonjwa. Chuma, kwa mfano jino la bandia, hutoa michirizi mikali inayofunika sehemu za jirani. Mgonjwa akitikisika, picha inakuwa na kivuli. Ndiyo maana asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza tunaweka kwenye kitanda cha mashine chombo cha plastiki cha mviringo kilichojaa maji, tunakipiga picha, na kutazama namba zinazosomeka. Katika kipimo kilichopewa jina la Hounsfield, maji yanatakiwa yasome sifuri, na hewa iwe hasi 1000. Maji yakisoma namba iliyo mbali na sifuri, hatumwiti mgonjwa, tunamwita fundi. Isitoshe, vyombo vyote vya mionzi nchini viko chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo wakaguzi wake huja kuvipima.

Kwa hiyo kinachonitatiza katika filamu si ubovu wa mashine. Kinachonitatiza ni kwamba daktari mmoja alitazama picha za mashine moja na kutoa hukumu ya kifo. Katika kazi ya kawaida, uvimbe ukionekana kwenye picha za CT, mgonjwa hupelekwa kwenye mashine nyingine iitwayo MRI, ambayo inaonyesha ubongo kwa undani zaidi, na mara nyingi inabidi kipande kidogo cha uvimbe kichukuliwe kikapimwe maabara ili ijulikane ni wa aina gani. Picha inasema kuna kitu, lakini mara nyingi haisemi ni kitu gani. Yeyote anayepewa jibu zito ana haki ya kumuuliza daktari limethibitishwaje, na kuomba daktari mwingine alitazame, wala hilo si utovu wa adabu. Georgia hakuuliza swali hata moja la namna hiyo. Alikwenda kuimba kwaya, akalia kanisani, kisha akakata tiketi.

Mke wangu anasema kwamba angeuliza, kusingekuwa na filamu. Nimekosa la kumjibu.

Ndugu Zabibu Chungu, nimesoma maneno yako kuhusu wagonjwa ambao mashine zao si mbovu. Nawaona kila siku. Wengine huniuliza pale pale kitandani, kabla sijamaliza, "Mwanangu, umeona nini?" na mimi siruhusiwi kusema, kwa sababu kusoma picha ni kazi ya daktari bingwa wa radiolojia. Sijui kama wangeichukia filamu hii. Wapo ambao nadhani wangeitazama kwa ajili ya ile sehemu ya katikati tu, ya kula na kuruka, na mwisho wasingeujali.

Mhasibu Mstaafu, Makole

Naomba nami niingize hesabu, kwa kuwa wote mmelipita jambo hili. Georgia ametumia akiba yake yote akijua kwamba haitakuwa na kazi tena. Chumba cha hadhi ya marais, helikopta, nguo za bei mbaya. Halafu anaambiwa kwamba ataishi. Swali la kwanza ambalo mtu wa kawaida angejiuliza ni: sasa nitakula nini mwezi ujao?

Filamu imejihami kwa kumpa ushindi mkubwa kwenye meza ya ruleti, na wengi wenu mlicheka bila kugundua kwamba mtunzi alikuwa anatega mapema fedha za kumsaidia kuukubali mwisho ule. Simlaumu, ni ufundi. Lakini kwa kijana anayetazama akiwa ndani ya basi, napenda ajue kwamba kamari haijawahi kuwa mpango wa uzeeni. Kwetu hapa, mtumishi wa umma ambaye michango yake iko PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko kadhaa ya zamani, hawezi kuamka asubuhi moja na kuondoka na fedha zote mkononi kama alivyofanya Georgia benki. Nilipokuwa kazini nililalamika sana juu ya masharti hayo. Baada ya kuitazama filamu hii nimeyaelewa kidogo.

Jambo la bima nalo si mzaha. Georgia anahukumiwa kufa mara mbili, mara ya kwanza na mashine na mara ya pili na kampuni ya bima inayokataa upasuaji. Hukumu ya kwanza inafutwa mwishoni. Ya pili haifutwi na yeyote, inasahaulika tu. Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nilikuwa naisikiliza mijadala redioni nikikumbuka tukio lile la ofisini kwa daktari, ambalo ndilo tukio pekee katika filamu nzima ambapo sikucheka hata kidogo. Kama kuna kasoro katika mwisho ule, mimi naiona hapo: angekuwa mgonjwa kweli, angekufa kwa kukosa fedha, na hakuna mtu katika sherehe zile za mwisho anayelikumbuka hilo.

Msafiri wa Gairo (mleta mada)

Nawashukuru sana wadau wote. Nilitegemea sentensi mbili za jibu, nimepata darasa. Shikamoo, mzee wa Makole.

Hoja ya dada Binti Mpwapwa imenisogeza, ingawa haijanifikisha. Nakubali kwamba Georgia alikwisha kubadilika kabla ya faksi. Bado najiuliza, kama alikwisha kubadilika na jambo hilo linatosha, kwa nini mtunzi hakuthubutu kuishia pale pale ukingoni, huku theluji inaanguka na sisi hatujui? Basi letu liliishia hapo kwa bahati, na nimekaa na mwisho ule kwa siku kadhaa, na nadiriki kusema kwamba haukuwa mbaya.

Naomba pia nifahamishwe: ni kitu gani hasa kinachomfanya Kragen ashuke? Sikuelewa ni kwa nini tajiri kama yule akubali kusikiliza.

Binti Mpwapwa

Ndugu Msafiri, kuhusu Kragen, kumbuka kilichotangulia. Alipomaliza kumuumbua Georgia pale mezani, alitegemea wageni wamgeukie yeye. Wakamwacha peke yake, hata msaidizi wake wa kike ambaye alikuwa na uhusiano naye. Kwa hiyo anayepanda ukingoni si tajiri tena, ni mtu aliyegundua kwamba watu aliokuwa akiwanunua hawakuwa wake. Na anayemfuata ndiye mtu pekee katika hoteli nzima ambaye hahitaji chochote kutoka kwake, wala hana muda wa kumbembeleza kwa uongo. Ingekuwa polisi au meneja wa hoteli, asingesikiliza.

Kuhusu kuishia ukingoni, hapo nakuachia, ila fikiria kidogo abiria wenzako. Hicho ni kichekesho, na mtu aliyelipia kichekesho ana haki ya kutoka akiwa anacheka. Priestley alivunja ahadi hiyo mwaka 1950 kwa makusudi, na ndiyo maana mwisho wake unauma hadi leo. Wayne Wang aliitimiza. Kama ungepata mwisho wako wa theluji na giza, yule mama wa Bahi angemdai kondakta nauli yake.

Zabibu Chungu

Angeanza kuidai, na mimi ningekuwa nyuma yake kwenye foleni, kwa sababu tofauti. Mwalimu wa Kongwa, ile ya 1950 inapatikana wapi? Niko Dodoma mjini hadi Ijumaa.

Mwalimu wa Kongwa

Ninayo kwenye flashi, bila mtafsiri, na picha ni nyeusi na nyeupe. Nitakuja mjini Alhamisi kufuatilia barua yangu ya uhamisho. Nitumie ujumbe wa faragha tupange mahali, na ukimaliza kuiona urudi hapa utuambie kama ajali ile imekuridhisha kweli.